Bili ya hospitali tumemaliza, mgonjwa aliyeumia kichwa yuko nyumbani: ukoo ujiandae kwa gharama zipi?

Mwenyeji wa Kange

Assalaam aleikum, na kwa wengine wote habari za jioni. Naomba kuelimishwa na wenye ujuzi wa tiba, wenye ujuzi wa bima, na yeyote aliyewahi kuuguza mtu aliyeumia kichwa, kwa sababu jambo lililotufika limetuzidi maarifa na Jumapili tuna kikao cha ukoo.

Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda hapa Tanga. Usiku mmoja alikuwa akitoka Pongwe kurudi mjini, gari dogo likachomoka kwenye njia ya vumbi bila kusimama, akaligonga ubavuni, akarushwa na kuangukia kichwa. Helmeti alikuwa nayo, lakini ilikuwa imetundikwa kwenye usukani. Wasamaria walimfikisha hospitali ya Bombo akiwa hajitambui. Akapigwa picha ya CT scan, ikaonekana damu imevilia ndani ya fuvu, akapewa rufaa ya Dar es Salaam na huko akafanyiwa upasuaji wa kuitoa damu hiyo. Tunamshukuru Mungu kwamba yu hai na amerudi nyumbani.

Ukoo ulichangishana kwa moyo mmoja, pamoja na majirani na madereva wenzake wa kijiweni, na bili ya hospitali imekwisha kulipwa. Sasa baba yetu mkubwa anasema kazi imekamilika, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Mimi ninayelala na mgonjwa chumba kimoja naona mambo mengine. Anatembea kwa kushika ukuta, mkono wa kulia hauwezi hata kufunga kifungo cha shati, anaanza sentensi na kuiacha katikati, na juzi alianguka akatetemeka mwili mzima kwa dakika chache. Mama yetu, ambaye huchuuza samaki anaowachukua soko la samaki la Deep Sea kila alfajiri, hajaenda tangu mgonjwa aliporudi, kwa kuwa hawezi kumwacha peke yake. Mwenye pikipiki naye ameanza kuulizia hesabu yake ya kila siku na fedha za matengenezo.

Sitaki kwenda kikaoni kuwalilia wazee huruma peke yake. Je, watu wanaoumia namna hii ni wengi kiasi gani? Gharama kubwa hasa iko wapi, na huendelea kwa muda gani? Na mwenye gari lile, hana wajibu wowote?

Muuguzi mstaafu, Chumbageni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Pole sana, na mfikishie mama yako pole zangu.

Nianze na lile lisiloweza kusubiri kikao. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa kisha akaanguka na kutetemeka arudishwe hospitali kesho asubuhi. Ubongo uliojeruhiwa unaweza kuacha kovu linalozaa kifafa, na kifafa hicho kinaweza kuanza wiki, miezi au hata miaka baada ya ajali. Lakini pia inawezekana damu imevilia upya, na hilo halijulikani kwa kumtazama tu. Wengi hupewa dawa ya kuzuia degedege kwa siku 7 za mwanzo, na dawa hiyo haizuii kifafa kinachokuja baadaye, kwa hiyo huenda sasa akahitaji kuanzishiwa dawa za muda mrefu. Fenobabitali na kabamazepini si dawa ghali, ila mgonjwa huzimeza kwa miezi au miaka, na asizikatishe ghafla kwa sababu ameona nafuu. Akianguka tena kabla hamjafika hospitali, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu naye, msimtie kijiko wala kidole mdomoni.

Sasa nijibu ulichouliza. Makadirio ya watafiti wa upasuaji wa ubongo yaliyochapishwa mwaka 2018 yanasema kwamba watu wapatao milioni 69 duniani hujeruhiwa ubongo kila mwaka kwa ajali na mapigo, na kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zina wagonjwa karibu mara 3 ya wale wa nchi tajiri. Katika Afrika, ajali za barabarani zilikadiriwa kuchangia asilimia 56 ya majeraha hayo, ilhali Amerika ya Kaskazini ni asilimia 25, na huko wanaoanguka, hasa wazee, ni sehemu kubwa ya wagonjwa. Wodini kwetu sikuhitaji takwimu kuliona jambo hilo: vijana wa pikipiki walikuwa wengi, wakifuatiwa na wakwezi wa minazi, watoto walioanguka kutoka mwembeni, waliopigwa katika ugomvi na wazee walioteleza bafuni. (Wazee hao tusiwapuuze, kwa maana damu yao inaweza kuvuja polepole, na dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kwamba babu aliwahi kuteleza.)

Gharama hutegemea uzito wa jeraha, na uzito huo hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Mhudumu anaangalia namna mgonjwa anavyofungua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo, kisha anajumlisha alama kuanzia 3 hadi 15. Mwenye 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa ana jeraha jepesi, mwenye 9 hadi 12 la wastani, na mwenye 8 kushuka chini jeraha lake ni kali. Wengi wako katika kundi la kwanza, na kwa hao gharama kwa kawaida huishia kwenye uangalizi na dawa za maumivu. Kundi la mwisho ndilo linalohitaji chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia, upasuaji na picha za kurudiarudia. Tazama kwenye karatasi alizoruhusiwa nazo uone aliingia na alama ngapi, uende nazo kikaoni, kwa sababu wazee wakiambiwa kwamba mtoto wao aliingia na 7 kati ya 15 wataelewa kwa nini hawezi kuwa amepona kwa kutolewa nyuzi.

Kuhusu gharama kubwa iko wapi, nitakupa mfano wa Marekani, kwa kuwa huko walikaa wakahesabu. Kwa watu walioumia ubongo mwaka 2000, gharama ya maisha yao yote ilikadiriwa kuwa dola bilioni 60, na katika hizo, tiba ilikuwa takriban bilioni 9 tu. Zaidi ya bilioni 51 zilikuwa kazi na mapato yaliyopotea. Na hiyo ni nchi ambayo kulala hospitali ni ghali kupindukia. Kwa hiyo bili mliyolipa, ingawa iliwatoa jasho, ni sehemu ndogo. Kubwa ni kijana ambaye haleti kipato, na mama ambaye haendi Deep Sea. Hiyo haina stakabadhi, ndiyo maana baba yenu mkubwa haioni.

Mama wa Dunda, Bagamoyo

Nakubaliana na bibi muuguzi kwa kila neno, nami ninaongeza kwa sababu nimo ndani ya jambo hili. Mume wangu ni mkwezi, alianguka mnazi. Hakupasuliwa, alilazwa akatoka, na kila aliyekuja kumjulia hali alisema amepona kwa kuwa anatembea na anasalimia watu.

Lililonishinda kulieleza kwa wakwe zangu ni yale yasiyoonekana. Alipoteza uwezo wa kunusa kabisa: siku moja nilimwacha jikoni, nikarudi nikakuta wali umeungua hadi moshi umejaa nyumba nzima, naye ameketi hapo hapo hana habari. Mtu aliyekuwa mpole akawa anafoka watoto wakigonganisha sufuria tu. Akipewa fedha ya sukari anafika dukani amesahau alichotumwa, au anampa mtu mwingine. Hesabu za nazi, ambazo alikuwa akizipiga kichwani kwa mamia, zikawa zinamchanganya. Mtu wa namna hiyo hawezi kurudi juu ya mnazi, na hawezi kuachwa na moto, na wala hawezi kwenda kliniki Dar es Salaam peke yake, kwa hiyo kila nauli ni ya watu wawili, na kila siku ya kliniki ni siku ambayo mimi sikukaanga vitumbua.

Kaka, fanya kama nilivyofanya: nunua daftari. Upande mmoja andika kilichotoka, yaani dawa, nauli, chakula cha njiani, bodaboda ya kumfikisha stendi. Upande wa pili andika kisichoingia, yaani faida ya samaki ambayo mama angeipata siku hiyo na fedha ambazo mdogo wako angebaki nazo. Ukurasa wa pili ulipojaa nilimpelekea shemeji yangu mkubwa, akausoma kimya, na tangu hapo akachukua ada za shule za mtoto mmoja.

Jambo jingine, watakuja wanaosema kapigwa na jini na kwamba fedha za dawa zipelekwe kwa mganga. Sisi kisomo tulifanya na dua tunaendelea nazo, lakini dawa za hospitali hatukusimamisha hata siku moja, na ninakusihi nanyi msisimamishe.

Mtu wa bima, Ngamiani

Poleni sana. Mimi nijibu upande wa mwenye gari, kwa sababu familia nyingi huacha haki yao ikipotea huku zikiuza mbuzi na viwanja.

Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, kila chombo cha moto kinachotembea barabarani lazima kiwe angalau na ile tunayoiita bima ndogo, na bima hiyo ipo kwa ajili ya mtu mwingine anayeumizwa na chombo hicho. Bima ndogo ya pikipiki ya mdogo wako haimlipi yeye mwenyewe kama dereva, lakini ikithibitika kwamba mwenye gari alichomoka bila kusimama, bima ya gari hilo inawajibika kwenu. Namba ya usajili wa gari inatosha kuhakiki kama lilikuwa na bima siku ya ajali, kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Likiwa halikuwa nayo, mmiliki anaweza kushitakiwa yeye mwenyewe.

Mtahitaji PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, iliyojazwa na daktari, taarifa ya polisi pamoja na mchoro wa eneo la ajali, karatasi za hospitali zote mbili, na stakabadhi za kila kitu, hata za nauli. Lile daftari analolisema mama wa Dunda msilidharau, kwa kuwa fidia haiishii kwenye bili ya hospitali: mapato yaliyopotea, matunzo ya baadaye na maumivu yenyewe vinaweza kudaiwa, mradi mna cha kuonesha. Mwenye pikipiki na wenzake wa kijiweni wanaweza kuandika maelezo ya wastani wa kipato chake kwa siku. Shauri la madhara ya aina hii lina ukomo wa miaka 3, na mkizungushwa na kampuni ya bima ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nikuambie ukweli mapema usije ukashtuka: helmeti ile iliyokuwa kwenye usukani itatajwa. Watasema mdogo wako alichangia ukubwa wa jeraha, na fidia inaweza kupunguzwa kwa sababu hiyo. Haifutwi, lakini inaweza kupunguzwa, kwa hiyo msikubali kulipwa haraka haraka na kusaini kwamba mmeridhika kabla daktari hajasema ulemavu wake umefikia wapi.

Kwa wengine wanaosoma: aliyeajiriwa akiumia kichwa akiwa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hugharimia matibabu, hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, na lipo fao la mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Ninalitaja fao hilo la mwisho kwa makusudi. Sheria yetu yenyewe imekubali kwamba kumtunza mgonjwa ni gharama. Ni dereva wa bodaboda na mkwezi, wasio na mwajiri, ambao mama zao na wake zao wanaibeba bila kuhesabiwa.

Tabibu, Muheza

Waliotangulia wameeleza mengi, nami nigusie saa za mwanzo tu, kwa kuwa huko ndiko gharama za miezi ya baadaye zinakoanza kupungua au kuongezeka.

Pigo la kwanza likishatokea hakuna anayeweza kulifuta. Ubongo huumia mara ya pili unapokosa hewa au damu, na kwa mgonjwa mwenye jeraha kali shinikizo la damu likishuka mno hata kwa muda mfupi, uwezekano wa kufa unapanda sana. Kinga yake si mashine za ajabu: ni kusafisha koo, kumlaza vizuri shingo ikiwa imetulizwa, kumpa oksijeni, kuzuia damu inayotoka na kumwekea dripu. Mgonjwa aliyebebwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kichwa kikining'inia, huenda akafika na jeraha kubwa kuliko alilopata pale alipoanguka.

Dawa ya traneksamiki, inayosaidia damu isiendelee kuvuja, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kichwa zaidi ya 12,000 katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, ikaonekana kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 hupunguza vifo kwa wenye jeraha jepesi hadi la wastani, ilhali kwa jeraha kali manufaa hayo hayakuonekana. Ni dawa ya bei ndogo, na saa 3 hizo zinakwisha upesi kwa mtu aliyeangukia porini upande wa Handeni.

Kuhusu helmeti, mapitio ya tafiti nyingi yalionesha kwamba hupunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69 na wa kufa kwa asilimia 42. Ni ile iliyovaliwa na kufungwa mkanda chini ya kidevu. Isiyofungwa hutangulia kuruka kabla dereva hajafika chini. Kaka, wenzake wa kijiweni walichanga, na ninaamini bado wana uchungu. Huu ndio wakati wa kuwaambia.

Mwenyeji wa Kange

Shikamoo bibi, shikamoo mama wa Dunda, na asanteni nyote. Tulimrudisha hospitali asubuhi ile ile. Picha imepigwa tena na damu mpya haikuonekana. Ameanzishiwa dawa za kifafa na kupangiwa mazoezi ya viungo. PF3 tunayo, na kaka yetu amekwenda polisi kuomba nakala ya mchoro. Karatasi za Bombo zinaonesha aliingia na alama 8. Daftari nimelianza, na kwa siku chache tu upande wa kisichoingia umeshazidi upande wa kilichotoka, jambo ambalo hata mimi sikulitarajia.

Limebaki swali moja ambalo baba mkubwa ataliuliza kabla sijakaa: michango iendelee hadi lini? Nikisema sijui, watanyamaza wote.

Muuguzi mstaafu, Chumbageni

Marahaba mwanangu, umefanya vema.

Mwambie baba yako mkubwa miezi 6, kisha mkutane tena. Kwa wagonjwa walio wengi nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi 6 ya mwanzo, na baada ya hapo huendelea polepole, mwaka wa kwanza na hata wa pili. Usimwahidi tarehe ya kupona, kwa maana hakuna daktari atakayekupa. Omba mambo mawili. La kwanza ni kiasi kidogo cha kila mwezi kinachotosha dawa, nauli za kliniki na mazoezi, kwa kuwa mkono ule usipozoezwa sasa utakakamaa, na ukikakamaa mtamlisha miaka. La pili ni watu, na hili halihitaji fedha: wanandugu wapangiane zamu za asubuhi za kukaa na mgonjwa, walau siku 4 kwa wiki, ili mama yenu arudi kuchukua samaki wake. Kila asubuhi anayokwenda Deep Sea ni mchango ambao hakuna aliyeutoa mfukoni.

Kuhusu mwenye pikipiki, aje kikaoni aelezwe mbele ya wazee kwamba mgonjwa ana kifafa, na kwamba hapandi pikipiki, wala haogelei, wala hapiki peke yake, hadi daktari atakapomruhusu. Madai ya matengenezo yaingizwe kwenye madai ya bima ya gari lililosababisha ajali, yasidaiwe kwa kijana. Akikubali, mwandikishiane, asaini yeye na baba yako mkubwa, na nakala moja ibaki ndani ya daftari.